Fundi Limi na Honi ya Duara la Zamoyoni

Ukifika soko la Rwamgasa ukauliza fundi redio, utaelekezwa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya mashine ya kusaga, na utaambiwa, "Muulizie Limi." Usishtuke ukimkuta ni mwanamke. Wengi wameshtuka, wakageuka, wakaenda kumtafuta fundi mwanamume, na baada ya wiki wakarudi na redio ile ile ikiwa taabani zaidi. Limi hakuwasuta. Alifungua mfuniko, akachungulia, akauliza tu, "Nani aliyeiunguza hivi?" Mwenye redio akawa anaangalia viatu vyake.

Ni mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka thelathini na sita, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya risasi, ile inayoyeyushwa kuunganishia nyaya. Ufundi aliupata Kahama, kwenye baraza la Mzee Salmini, fundi wa siku nyingi ambaye baba yake alitoka pwani na mama yake alikuwa Msumbwa. Limi alikuwa anampelekea chai. Siku ya kwanza aliweka kikombe akaondoka. Siku ya pili aliweka kikombe akasimama kutazama. Mwezi ulipokwisha, mzee akamwambia, "Binti, ama ukae ama uache kunizibia mwanga." Akakaa, miaka minne.

Mzee Salmini alimwanzisha na transista. Kidude chenyewe ni kidogo kuliko punje ya hindi, cheusi, kina miguu mitatu: emita, besi na kolekta. Umeme mkubwa unataka kupita kati ya emita na kolekta, na besi ndiye bawabu. Umeme mdogo kabisa kwenye besi ndio unaoamua mkubwa upite au usipite. Zipo za aina mbili. Ile ya NPN Limi aliielewa siku hiyo hiyo: ukiipa besi umeme kidogo inafungua, ukiuondoa inafunga. Lakini PNP, jamani, PNP ilimtoa jasho wiki nzima. Emita yake inakaa upande wa chanya. Besi ikipanda ikalingana na emita, basi imefunga, hakipiti kitu. Besi ikishuka, hata kwa chini ya volti moja tu, ndipo inafungua na umeme unateremka kutoka emita kwenda kolekta.

"Mzee, yaani hii ukiipa inakataa, ukiinyima ndiyo inatoa?" Limi aliuliza, amekunja uso.

Mzee Salmini akacheka mpaka akakohoa. "Wewe umewahi kulea?"

"Nimemlea mdogo wangu."

"Haya. Mtoto yuko uani anacheza, anagonga masufuria, anapiga makelele. Wewe unafanya nini?"

"Naendelea na kazi zangu."

"Akinyamaza ghafla?"

"Ah! Naruka kwenda kumwangalia."

"Basi hiyo ndiyo PNP, mwanangu. Kelele zikiwepo imetulia. Kimya kikiingia ndipo inaamka."

Toka siku hiyo Limi hakuisahau tena, kwa sababu mtoto yule wa kugonga masufuria alikuwa anamjua vizuri. Alikuwa Bujiku, mdogo wake wa pekee. Baba yao alifariki Bujiku akiwa na mwaka mmoja na Limi kumi na mmoja, na mama yao, Mageni, akawa hana budi kushinda shambani kule kijijini kwao, upande wa Ushirombo. Bujiku alilelewa mgongoni kwa dada yake. Alijifunza kutembea akiwa ameshika sketi ya Limi, na kwa kweli hakuiachia hata alipoota ndevu. Akitaka kitu, kwanza atamwomba dada. Dada akikataa, atamlilia mama. Mama akilia naye, dada atatoa. Ndivyo nyumba ile ilivyoendeshwa, na hakuna aliyeona ubaya wake.

Limi alipofungua kibanda Rwamgasa, Bujiku naye akamfuata, akaingia kwenye dhahabu. Akapata nafasi kwenye duara la Zamoyoni. Duara, kwa asiyejua, ni lile shimo la wachimbaji wadogo: linashuka wima kama kisima, halafu chini huko linachepuka kufuata mwamba wenye mali. La Zamoyoni lilikuwa na mita arobaini za ngazi za miti, kisha kichochoro cha kutambaa. Chini kule hakuna hewa ya bure. Juu ya shimo kuna feni kubwa, wenyewe wanaiita blowa, inayosukuma hewa kwenye bomba la plastiki hadi mwisho wa kichochoro. Feni inazungushwa na mkanda, mkanda unazungushwa na jenereta. Kimoja kikisimama, walio chini wana muda mfupi wa kupanda, tena mfupi zaidi kama wamelipua mwamba siku hiyo na moshi haujatoka.

Bujiku alimsimulia dada yake habari hizi akiwa anakula wali kibandani, anacheka, kama mtu anayesimulia mechi. "Juzi feni ilisimama, dada. Sisi chini tunagonga mwamba, hatuna habari. Mwenzetu mmoja akaanza kupepesuka kama mlevi ndipo tukashtuka." Limi aliweka chini chuma chake cha kuyeyushia risasi.

Wiki ile redio za watu zilikaa. Limi alikuwa anatengeneza kitu kimoja tu. Alikata ulimi wa bati jepesi, akaupachika ndani ya bomba la hewa, pale juu. Hewa ikipita, ulimi unanyanyuka na kugusa waya wa chanya, besi ya transista inabaki juu, kila kitu kimya. Hewa ikikatika, ulimi unaanguka, besi inashuka, PNP inafungua, inaamsha swichi ya sumaku, na honi ya pikipiki inalia juu shimoni na nyingine chini kichochoroni. Vyote hivyo kwa betri yake yenyewe, haitegemei jenereta. Umeona ujanja wake? Kifaa hakikungoja kuambiwa kuna hatari. Kilikuwa kinangoja hewa inyamaze.

Zamoyoni, mwenye duara, alikubali kifungwe. Siku ya kukijaribu, Luka, kijana wa miraba minne aliyekuwa anasimamia jenereta, alizima injini, na honi ikapiga yowe hadi kuku wa mama ntilie wakatawanyika. Wachimbaji wakapanda mbio, wakafika juu wanahema, wakamkuta Limi amesimama anahesabu vichwa.

"Dada fundi, hicho kidude kina mdomo!" mmoja akasema.

"Kiiteni Mama Mkwe," mwingine akadakia. "Ukikaa vibaya tu, anafoka."

Jina likashika. Mama Mkwe akawa anajulikana machimbo yote, na wenye maduara mawili ya jirani wakaja kuagiza vya kwao. Limi alivifunga vyote. Usiku ule alilala vizuri kwa mara ya kwanza toka Bujiku aanze kushuka chini.

Sasa tatizo lilikuwa hili. Jenereta hunywa mafuta. Mara mbili au tatu kwa siku Luka huizima ili aijaze, dakika mbili tu, na katika dakika hizo mbili hewa inakatika, na Mama Mkwe anafoka. Sharti la Limi lilikuwa moja, halina mjadala: honi ikilia, kila mtu anapanda juu. Basi watu walikuwa wanapanda mita arobaini, wanafika juu, injini inawaka, wanashuka tena. Magoti yakawauma. Wakaanza kumsakama Bujiku. "Dada yako anatupandisha na kutushusha kama ndoo!" Utani kwanza, halafu ukawa si utani.

Bujiku akaja kibandani. "Dada, weka swichi. Luka akijaza mafuta anaizima honi, akimaliza anaiwasha. Basi."

"Sitaki."

"Swichi tu, dada!"

"Bujiku, nisikilize. Njia yake ipo. Nikiweka kapasita kubwa pale kwenye besi, itakuwa inajaa umeme wakati hewa inapita, na hewa ikikatika itaishikilia besi juu dakika mbili, tatu. Luka atajaza mafuta honi ikiwa kimya. Zikipita hizo, kapasita imekwisha, honi inalia yenyewe. Hakuna mtu wa kusahau. Ila zile kubwa sina, nilizonazo zimekauka. Ijumaa naenda Kahama, nitazinunua. Vumilia mpaka Ijumaa."

"Leo Jumanne!"

"Najua leo ni siku gani."

Bujiku akaondoka amevuta mdomo, mwanamume wa miaka ishirini na sita. Saa moja haikupita, simu ya Limi ikaita. Alikuwa mama yake, na Limi alijua kabla hajapokea.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Limi, mdogo wako kanipigia ananilalamikia. Anasema kuna kitu kakuomba umemnyima. Sijui ni kitu gani, wala sitaki kujua, mambo yenu ya nyaya siyawezi. Mimi najua mko wawili tu. Baba yenu hakuniachia mwingine. Usimnyime mdogo wako, mwanangu. Umesikia?"

"Nimesikia, mayu."

"Wabeja sana," mama akashukuru, akakata simu akiwa ameridhika.

Limi aliweka simu juu ya meza ya kazi. Alijua anachoombwa. Swichi ile ingeunganisha besi na chanya moja kwa moja. Ulimi wa bati ungeweza kuanguka, hewa ingeweza kukatika kabisa, na transista isingejua. Ni sawa na kumgongea sufuria yule mlezi katika mfano wa Mzee Salmini ili adhani mtoto bado anacheza. Fundi aliyekuwa ndani yake alikataa. Dada akakubali. Ni siku tatu tu, alijiambia, Jumanne mpaka Ijumaa, na jioni ile ile akaenda kuifunga, akamwonyesha Luka mara tatu: huku kuzima, huku kuwasha, ukimaliza mafuta unarudisha huku. Bujiku alimshika bega akacheka. "Ndiyo maana nakupenda, dada." Nasema hivi na ninyi mnielewe: hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mjinga. Walikuwa watu wanaopendana na wanaochoka.

Alhamisi asubuhi Luka alizima honi, akajaza mafuta. Injini ikagoma kuwaka. Akaihangaikia plagi, akaifuta, akairudisha, akavuta kamba mpaka kiganja kikachubuka, na ilipokubali, wachimbaji wakawa wanampigia kelele aharakishe. Akasahau swichi. Saa nane mchana mkanda wa blowa ukakatika. Injini ya jenereta ilikuwa bado inanguruma, kwa hiyo juu hakuna aliyehisi lolote. Kila mtu alisikia ngurumo akajua hewa inaenda. Ulimi wa bati ukaanguka ndani ya bomba kama ulivyotengenezwa uanguke. Mama Mkwe hakusema neno.

Chini walikuwa watatu, na walikuwa wamelipua mwamba saa sita. Wawili waliokuwa karibu na ngazi walijikokota, wakavutwa kwa kamba. Bujiku alikuwa mwisho wa kichochoro. Walipomtoa alikuwa hana jeraha hata moja. Limi alifika anakimbia, peku, kitenge kimemvuka, akamkuta amelazwa juu ya gunia, uso una vumbi, na akaanza kumpangusa vumbi lile kwa kiganja huku anamwita. "Buji. Buji, mimi dada. Amka basi, Buji." Watu wazima walimwacha afanye hivyo muda mrefu kabla hawajamshika.

Walimzika nyumbani, Ushirombo, kando ya baba yake. Nyie, kuna vilio na vilio. Mama Limi hakulia kwa sauti. Alikaa kwenye mkeka ndani ya chumba cha akina mama, amejifunga kanga kiunoni, na kila aliyetoka Rwamgasa akiingia kumpa pole, alimshika mkono asimwachie, akamuuliza jambo lile lile moja.

"Niambie. Mtoto wangu aliitwa, au hakuitwa?"

Maana habari za honi alikuwa nazo. Bujiku mwenyewe alimsimulia, kwa fahari, kwamba dada ametengeneza kitu kinachowaita kukiwa na hatari. Alitaka kujua tu kama mwanawe aliitwa akashindwa kupanda, au alilala pale akingoja sauti ambayo haikuja.

Wachimbaji walijikuna vichwa. "Haikulia, mama," wakasema. Zamoyoni naye akasema, kwa upole lakini kila mtu akasikia, "Kidude kilikufa. Vitu vya redio kuukuu hivi si vya kutegemea. Wale wa maduara ya jirani nimewaambia wang'oe vyao kesho." Limi alisikia maneno yale akiwa jikoni, anapakua uji. Mwiko ukamponyoka.

Jioni ya siku ya pili ya matanga Luka alifika. Hakuingia. Alimwita Limi nyuma ya nyumba, kwenye mihogo, na mkononi alikuwa amebeba sanduku la Mama Mkwe, lenye betri, honi na ule ulimi wa bati, limefungwa kwenye mfuko wa saruji.

"Dada. Sikuirudisha swichi."

"Najua," Limi akasema.

"Sijamwambia mtu. Naogopa, dada. Wataniua."

Limi alipiga magoti palepale, akafungua sanduku. Unaweza kuona ni ukatili, mtu kufungua sanduku la nyaya msibani, lakini fundi ana namna yake ya kuomboleza, na moyo wake ulikuwa na swali ambalo hakuweza kulala nalo. Labda ni risasi yake iliachia. Labda transista iliungua kweli. Karibu aombe iwe hivyo. Aliunyanyua ulimi wa bati kwa kidole, kana kwamba hewa inapita. Kwa mkono wa pili akarudisha swichi upande wa kuwasha: kimya. Akaondoa kidole.

Honi ikapiga yowe.

Msiba wote ukasimama. Wanaume walioketi kwenye viti vya kukodi wakainuka, watoto wakalia, mama mmoja akaita jina la Yesu. Limi alirudisha kidole, honi ikanyamaza, lakini tayari sauti ya mama yake ilikuwa imetoka ndani, ya kwanza yenye nguvu toka maziko.

"Nini hicho? Limi! Ndicho chenyewe?"

Hapo ndipo ilipombana, na nataka uione vizuri jinsi ilivyombana. Akisema kidude kilikufa, mama atapata jibu lake na Luka atapona. Lakini kesho maduara mawili yatang'oa honi zao, na huko chini kuna ndugu wa watu. Akisema kidude kilikuwa kizima, wataulizana kwa nini hakikulia, na jibu ni swichi. Nani aliweka swichi? Limi. Kwa nini aliweka, wakati yeye ndiye fundi na anajua? Na jibu la swali hilo la mwisho lilikuwa limeketi kwenye mkeka mle ndani, limejifunga kanga kiunoni.

Alibeba sanduku akaingia nalo. Zamoyoni na wachimbaji wakajaa mlangoni. Luka alisimama nyuma yao.

"Mayu, ndicho. Ni kizima. Hakijaharibika chochote. Mimi niliweka swichi ya kukinyamazisha wakati wa kujaza mafuta. Haikupaswa kuwepo. Nilijua haikupaswa kuwepo. Siku ile ilisahaulika, kwa hiyo Bujiku hakuitwa. Kosa si la kifaa, ni langu. Baba Zamoyoni, usiwaambie watu wang'oe. Waambie vyao havina swichi, viko salama."

"Niliyesahau ni mimi," Luka akasema kutoka nyuma, sauti imepasuka, akakaa chini palepale mlangoni akajifunika uso. Hakuna aliyemgusa. Zamoyoni alivua kofia yake, akatoka, na baadaye tukasikia alipiga simu usiku uleule kwamba honi zibaki.

Mama hakusema lolote mbele za watu. Alingoja. Watu walipopungua, taa ya sola ikiwa imening'inizwa kwenye msumari, akamwita Limi karibu, akamkalisha ubavuni kwake. Akamshika mkono, akawa anapapasa yale makovu ya risasi moja moja.

"Limi."

"Abee, mayu."

"Siku ile nilipokupigia simu. Jumanne." Alikuwa anasema taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Bujiku alinililia kuna kitu umemnyima. Nikakuambia umpe. Kilikuwa kitu gani?"

Limi alimtazama mama yake, macho yale yaliyozama, ile mikono, na akaona kwamba mama ameshaukaribia ukweli, amebakiza hatua moja tu. Akili ya Limi ilikwenda kibandani kwake, kwenye rafu, ikatafuta chochote.

"Redio," akasema.

"Redio?"

"Alitaka redio, mayu. Ndogo, ya kusikiliza akipumzika. Mimi nikamwambia asubiri, nina kazi za watu."

"Si hii swichi?"

"Hapana. Swichi ni mambo ya kazi, niliiweka kwa akili zangu. Yeye alitaka redio."

Mama alishusha pumzi ndefu, na mabega yake, yaliyokuwa yamekaza siku tatu, yakalegea. "Na ulimpa?"

"Nilimpa, mayu. Ulivyoniambia."

"Umefanya vizuri," mama akasema. Halafu, ndipo, akalia kwa sauti. Alilia huku anasema, "Angalau hakufa na kinyongo cha redio, mwanangu," na Limi alimkumbatia akalia naye, na kilio cha Limi kilikuwa na mambo mawili ndani yake, moja hawezi kumwambia mtu.

Wiki iliyofuata wangeanua tanga na kugawa vitu vya marehemu. Mama alituma ujumbe Rwamgasa: nguo za Bujiku wapewe wajomba, sururu apewe binamu. Yeye hataki kitu, ila ile redio.

Limi alifunga mlango wa kibanda mchana kweupe. Kwenye rafu kulikuwa na redio ndogo nyekundu ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Sauti yake ilikuwa imepasuka, inakwaruza. Alijua ugonjwa wake kabla ya kuipima: kwenye kutoa sauti redio hutumia transista mbili, NPN inasukuma nusu moja ya wimbi, PNP inavuta nusu ya pili, na hapa PNP ilikuwa imekufa, redio inasema nusu tu ya kila neno. Aliing'oa, akaweka nzima. Sauti ikatoka safi. Kisha akafanya kazi ambayo Mzee Salmini hakumfundisha. Alienda kwenye duara la Zamoyoni, akachota udongo, akarudi nao kibandani. Akaupaka kwenye kona za redio, akausugua kwenye vitundu vya spika, akaufuta kidogo kama anavyofuta mtu mwenye haraka. Kwa ncha ya chuma cha moto akaandika nyuma, kwa mwandiko mbaya mbaya wa mdogo wake: BUJIKU. Alikuwa analia hata haoni herufi. Alijua vizuri anachofanya. Alikuwa anafunga swichi ya pili maishani mwake, ya kuishikilia besi juu, na safari hii hakukusudia kuirudisha.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Aliinusa. "Inanuka shimo," akasema.

Toka siku ile redio haizimwi katika nyumba ile. Inaongea wakati wa kupepeta, inaongea wakati wa kula, inaongea mama akiwa amelala. Majirani wanasema mama Limi amepata nafuu, na ni kweli, anakula, anakwenda shambani, anacheka kidogo. Limi huenda kila mwezi, anampa mama yake shikamoo, halafu kabla hajaketi anafungua kifuniko cha nyuma na kubadilisha betri, hata kama zilizomo hazijaisha. Mwezi uliopita alichelewa siku mbili kwa sababu ya mvua. Alipofika alimkuta mama amesimama mlangoni, redio mikononi, ameiegemeza sikioni.

"Limi, njoo haraka," mama akamwambia. "Mtoto amenyamaza."